Mpaka Sanduku Liguse Chini

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Ni tabia niliyoipata kazini: ninauza nguo za mitumba mjini Migori, pale Suna, na katika biashara hiyo anayehesabu mara moja huishia kuuza soksi tatu kama jozi mbili. Kwa hiyo siku ndugu yangu mdogo alipopuliza tarumbeta kwenye maziko kule Karungu, mbele ya umati kwa mara ya kwanza, nilifanya ninachojua kufanya: nikahesabu sekunde. Kamba zilipolegezwa na sanduku likaanza kushuka, alivuta pumzi moja, akatoa mlio mmoja mrefu, mwembamba, usiotetemeka, na hakuukata mpaka sanduku lilipogusa chini. Thelathini na nane. Sikuamini. Maziko ya wiki iliyofuata nikahesabu tena. Arubaini, kwa sababu wachimbaji wa boma lile hawakuwa wavivu.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwembamba kama henga ya kutundikia shati. Watu walipotawanyika nilimzunguka nikimtazama mbavu. Hewa yote ile alikuwa ameiweka wapi? Nimewahi kufungua robota dogo likatoa makoti hamsini, lakini robota hubanwa na mashine. Huyu alikuwa amebanwa na nini?

Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akisomea ufundi wa umeme Homa Bay, na bendi ya kanisa lao huko ilipiga nyimbo kama bendi nyingine zote. Kumshusha marehemu kwa pumzi moja lilikuwa wazo lake mwenyewe. Likaenea kando ya ziwa, kijiji kwa kijiji, hata wafiwa wakawa hawaulizi bendi, wanauliza, "Yule kijana wa pumzi moja atakuja?" Mama mmoja aliniambia mumewe alishuka kama mtu aliyeshikwa mkono.

Dani alikuwepo siku ile ya kwanza. Dani ndiyo nyanya kwetu, na huyu ndiye aliyetulea sote wawili, pale Karungu. Jioni aliniita jikoni.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, Dani."

"Umehesabu?"

"Thelathini na nane."

"Basi yangu iwe hivyo hivyo. Nguo utaniletea wewe, ya kijani, na usiniletee ile ya kuning'inia mabegani kana kwamba nimeazima. Yeye atapuliza. Asinyamaze mpaka niguse chini. Sitaki kuachwa njiani."

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amepita miaka themanini na bado wauza omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wakimwona kwa mbali wanaficha kipimo kilichobonyea. Alikuwa anapanga tu, kama mtu anayekata tiketi mapema ili apate kiti cha dirishani. Ndugu yangu alipoambiwa, alicheka, halafu akaacha kucheka. "Sawa, Dani," akasema. "Hautaachwa."

Mvua za masika zilipokuja, akashikwa na kikohozi. Mafua ya kawaida, yakaisha, kikohozi kikabaki. Kulikuwa na maziko Jumamosi, na mimi siku ya Jumatano nilikuwa Isebania kufuata mzigo. Pale mpakani unaweza kununua chochote ambacho kimewahi kutengenezwa na baadhi ya vitu ambavyo havingepaswa kutengenezwa. Kijana mmoja mwenye sanduku la kioo shingoni akanifuata.

"Mama, dawa ya kifua hii hapa."

"Nani amekuambia ninaumwa kifua?"

"Si wewe. Ni sura yako. Una mtu nyumbani anakohoa."

Huyo alikuwa mfanyabiashara kamili. Nikasimama. Akanionyesha kitu kama kalamu nene, rangi ya samawati. Akavuta, akatoa wingu jeupe lenye harufu ya mnanaa.

"Hiyo ni sigara," nikasema.

"Sigara ina moshi, mama. Unaona majivu? Unaona moto? Huu ni mvuke. Ni ile kufukizwa ya nyanya yako, ila hii inaingia mfukoni."

Hapo ndipo aliponipata. Sisi sote tumekulia chini ya blanketi. Ukikohoa kwetu, Dani alichemsha sufuria ya majani ya mwarobaini na mkaratusi, akakuinamisha juu yake, akakufunika blanketi zito mpaka chini, na ulitoka huko umeloa kama samaki lakini kifua kimefunguka. Mvuke ulitulea. Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia mtu aliyeumizwa na mvuke, isipokuwa jirani aliyepindua sufuria.

Alianza na elfu mbili na mia tano. Niliondoka mara mbili, na mara mbili akaniita. Nilimaliza kwa elfu moja na mia moja. Nilimuuliza maswali kumi na moja: kama inachajiwa, kama ikianguka inavunjika, kama nikirudi nitamkuta. Hakuna hata swali moja lililohusu kilichomo ndani. Mimi, ambaye sinunui sweta bila kuligeuza nje ndani.

Ndugu yangu alipokiona, kule kwa Dani, akacheka. "Sista, hii ni vepu, ile ya kuvuta! Wasee wenzangu wa kule chuo wako nazo."

"Ni ya mnanaa," nikasema. "Ni ya kikohozi."

Dani alikichukua, akakinusa, akaridhika. Lakini hakupenda kuona wingu lile likitoka dirishani bure. "Mvuke umelipiwa, halafu unaupa kuku?" Akaenda kuleta blanketi. Nakumbuka jinsi tulivyomkalisha kwenye kigoda, mtu mzima mwenye ndevu tatu, tukamfunika kichwa mpaka magoti, Dani akishika pindo upande huu na mimi upande ule ili usitoroke hata kidogo. Kutoka ndani tulisikia akivuta na kukohoa, akivuta na kukohoa. "Kinatoka," Dani akasema kwa furaha. "Kikohozi kinatoka." Ndani ya blanketi mtu akasema, "Mnaniua," nasi tukacheka wote watatu.

Jumamosi alipuliza thelathini na saba. Nikamsifu kimoyomoyo yule kijana wa Isebania.

Kilichofuata hakikuja kwa kishindo. Kikohozi kikaisha, kalamu haikuisha. Ya samawati ikawa ya njano, ya njano ikawa ya waridi. Alikuja kunitembelea kibandani, nguo zikanuka embe hata msimu wa embe ukiwa umepita. Nikimwambia aache ananijibu, "Si ni ya kikohozi?" na maneno yale yalikuwa yangu, sikuweza kuyakana. Siku moja nilimtembelea Homa Bay, tukapanda kale kamlima kutoka ufukweni kwenda anakoishi. Katikati ya njia akainama kufunga kamba za viatu. Mbele kidogo akainama tena. Viatu vile nilimpa mimi. Havina kamba.

Nilipaswa kusema kitu. Badala yake nilisimama nikatazama ziwa, nikamwachia muda amalize kufunga kamba zisizokuwepo.

Mwezi wa nane akazikwa mzee mmoja wa Karungu, rafiki wa marehemu babu yetu. Watu walijaa. Dani alikaa mbele, kwenye viti vya plastiki. Kamba zikalegezwa. Ndugu yangu akavuta pumzi, na niliiona hiyo pumzi: mabega yalipanda, kifua hakikupanda. Mlio ukaanza, nami nikaanza. Saba, nane. Kwenye tisa ulitetemeka. Kwenye kumi na moja ukakatika, kikafuata kikohozi, kile cha kutoka chini kabisa, ambacho mtu hawezi kukirudisha. Wale vijana wa kamba wakashtuka wakasimama. Sanduku likabaki linaning'inia, si juu, si chini. Kisha mwimbaji mmoja akaanzisha wimbo, likashushwa.

Dani hakumtazama. Alitazama lile shimo, kisha akanitazama mimi.

"Kumi na moja," akasema. Kumbe na yeye alikuwa akihesabu.

Jumatatu nilimpeleka kliniki Homa Bay. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye subira ya mtu ambaye watu humdanganya kutwa. Alimpa bomba la karatasi lililounganishwa na kimashine, akamwambia apulize kwa nguvu zote mpaka asibakize kitu. Akapuliza mara tatu. Daktari akatazama mchoro, akamtazama yeye.

"Umesema unapiga chombo gani?"

"Tarumbeta."

"Hm," akasema daktari, na nikatamani angesema kitu kirefu zaidi.

Akapigwa picha ya kifua, na daktari akaiinua mbele ya dirisha. Ya kutisha hayakuwa mengi, akasema. Mengi ya haya hayaonekani kwenye picha. Lakini mimi sikuwa nimewahi kuona ndani ya mtu ninayemjua. Nilitarajia mifuko miwili. Mbavu zilikuwa zimejipanga kama mbao za paa, na nyuma yake, katika giza, matawi meupe, membamba, yakienda yakipotea.

"Fikiria mti uliopinduliwa," daktari akasema. "Shina ni hili koo la hewa. Linagawanyika mawili. Kila moja linagawanyika mawili tena. Hivyo hivyo, karibu mara ishirini na tatu."

Mtu asiniambie vitu kama hivyo. Mbili, nne, nane, kumi na sita. Nilizidisha kichwani mpaka elfu nne na tisini na sita, nikagundua bado niko katikati ya mti, nikaacha.

"Na mwisho wa vijitawi kuna vipovu, ndimo hewa inamoingilia kwenye damu. Mamia ya mamilioni."

"Nani alihesabu?"

"Si mimi, mama."

"Alihesabu mara mbili?"

Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema ukivitandaza vipovu hivyo vyote kama nguo, vinafunika karibu mita sabini za mraba. Kibanda changu ni mita tatu kwa tatu. Nikapiga hesabu, nikaipiga tena. Karibu vibanda vinane. Nilimgeukia ndugu yangu, amekaa pale juu ya kitanda cha wagonjwa, shati mkononi, henga yangu ile ile, na ndani yake kulikuwa na safu nzima ya soko la Suna imekunjwa, ukuta mwembamba kuliko hariri yoyote niliyowahi kushika. Mwenye vibanda angejua, angemtoza kodi. Nilitaka kucheka nikajikuta nimeshika mdomo. Na sisi tulikifunika kitu hicho blanketi.

"Ule si mvuke wa maji," daktari akasema. Sasa alikuwa anasema na ndugu yangu, kwa sauti ya chini. "Ni matone madogo ya vitu vya mafuta mafuta, rangi na harufu za dukani, vichembe kutoka kwenye waya unaochemka, na nikotini, ambayo ndiyo inayokurudisha. Njia zako za hewa zimevimba. Huko ndani kuna vinyweleo vinavyofagia uchafu nje usiku na mchana, umevilewesha, havifagii. Ndiyo maana unakohoa."

"Itarudi? Pumzi yangu?"

"Ukiacha kabisa, uvimbe hupungua. Una umri mzuri wa kupona. Lakini sikuahidi yote. Vitu hivi ni vipya. Atakayekuambia anajua vitakufanya nini ukifika miaka hamsini, huyo anakuuzia kitu." Akafungua kalamu yake ya kuandikia. "Ulipewa na nani?"

"Beshte mmoja," ndugu yangu akasema haraka.

"Mimi," nikasema. "Isebania. Kwa elfu moja na mia moja, kutoka elfu mbili na mia tano."

Daktari akaandika. "Basi angalau ulipunguziwa," akasema.

Sikuwa nimewahi kuaibishwa na punguzo hadi siku ile.

Bado sikuridhika, maana mimi huamini vidole. Tulipofika Suna nilichukua vifuniko viwili vya sufuria. Kimoja nikakiweka juu ya maji yanayochemka. Cha pili nikamwambia ndugu yangu akipulizie kalamu yake, mara ishirini. Nikaviacha vikauke. Cha kwanza kilikauka kikawa kama kilivyokuwa. Cha pili nilipitisha kidole kikateleza, kama ninavyotelezesha kidole kwenye koti la mvua. Nikapitisha tena kwa kidole kingine. Siku hiyo hiyo nilimpigia Dani simu nikamweleza.

"Blanketi langu," akasema. Jirani aliniambia baadaye kwamba alilifua mara mbili, akalianika siku tatu.

Nyuma ya safu yetu kuna mwuza nyama, na mapafu ya mbuzi, ambayo wateja huyaita mapupu, huyauza kwa wenye mbwa na wenye haraka. Nikamwomba moja likiwa na koo lake zima.

"Mia na hamsini."

"Bei hiyo, na ni ya mbwa?"

"Una mbwa?"

"Nina ndugu."

Tukapatana mia moja. Lilikuwa kitu kidogo, kimenywea, rangi ya damu iliyochoka. Ndugu yangu alisimama kando amekunja uso. Mwuza nyama, aliposikia nataka ndugu yangu aone pafu likijaa hewa, akaleta pampu ya baiskeli ya mwanawe, akaingiza mpira kwenye koo, akafunga kwa uzi, akapampu.

Sina maneno ya kutosha kwa kilichotokea juu ya meza ile. Kile kitambaa kilichonywea kikaanza kuamka. Pembe moja ikainuka, kisha nyingine, rangi ikageuka waridi, kisha waridi hafifu, karibu nyeupe, kikapanuka kikajaa meza, kikapita ukingo, na bado kilikuwa chepesi, kinatikisika kwa upepo wa barabarani. Wateja wakaacha kupigania bei. Mama mmoja akasema, "Yesu." Mwuza nyama mwenyewe, aliyechinja tangu ujana wake, akasema, "Kumbe," akarudia, "kumbe." Akaachia uzi, na lile pafu likapumua. Lilitoa hewa polepole, lenyewe, bila mtu kulibana, na mlio mdogo mwembamba ukatoka kooni.

Ndugu yangu aliweka kiganja juu yake. "Inarudi yenyewe," akasema. "Pampu tena."

Tukapampu mara nne. Mara ya nne alitoa kalamu ya waridi mfukoni akaiweka kwenye meza, katikati ya damu.

Ningependa kuandika kwamba ikaishia hapo. Ameacha mara tatu. Mimi nahesabu mbili, kwa sababu ile moja ilidumu saa sita. Alikasirika ovyo, akatafuna miwa mpaka fizi zikauma, akanitukana kwa simu halafu akaomba msamaha kwa simu. Rafiki zake chuoni walimwita mzee wa kanisa. Mara ya tatu ilianza baada ya Krismasi na haijaisha mpaka ninapoandika. Kila asubuhi hupuliza kwenye ufuko wa Homa Bay akiwaelekea ndege, na kunitumia namba tu: kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na saba. Kumi na tano. Kisha, siku moja, ishirini na tatu. Namba zile nimezisoma kuliko ninavyosoma za mauzo.

Pasaka tulikutana Karungu. Asubuhi Dani alituita kisimani nyuma ya nyumba. Alikuwa amefunga ndoo kwenye kamba mpya.

"Mimi siwezi kungoja siku yenyewe nione kama nitadanganywa," akasema. "Hii ndoo ni mimi. Nitaishusha kwa mwendo wa wale vijana wa kamba, nimewatazama vya kutosha. Wewe puliza."

"Dani, aki, si vizuri," nikasema.

"Nani anakufa, mimi au wewe?"

Ndugu yangu akajifuta mikono kwenye suruali. Akavuta pumzi. Nilitazama mabega, hayakupanda. Kifua ndicho kilichofunguka, polepole, kama lile pafu kwenye meza ya Suna, nami nikaona matawi, mbili, nne, nane, mpaka huko kusikohesabika, yote yakijaa hewa ya ziwa. Mlio ukatoka. Dani akaanza kuachia kamba, mkono baada ya mkono.

Kumi na moja ikapita. Niliogopa kupoteza hesabu. Ishirini. Ng'ombe wa jirani aliacha kula. Ishirini na nne, mwembamba, haukutetemeka. Ishirini na sita ukatetemeka. Ishirini na nane ukaisha, bila kikohozi, umeisha tu kama uzi unavyoisha kwenye kibiringo chake.

Kamba ilisimama papo hapo. Dani alikuwa ameishika kwa mikono miwili, akichungulia ndani.

"Kumebaki kiasi gani?" ndugu yangu akauliza, akihema.

Nikainama nikapima kwa macho, nikapima tena. "Mikono mitatu, Dani. Labda minne."

Dani aliiacha ndoo ikining'inia gizani chini yake, si juu, si chini. Kisha akaanza kuivuta. Mkono baada ya mkono, bila haraka, mpaka ikatokeza juani, kavu kabisa.

"Basi siendi popote mwaka huu," akasema, akaigeuza kifudifudi ukingoni. "Kesho asubuhi tena. Na wewe, ile nguo ya kijani, iache kwanza kwenye robota."